Udongo na Maneno: Kufufua Bustani ya Lupango Baada ya Hasara

Maneno yaliyosemwa redioni kwa jamaa zilizohama na kwa viongozi wa mitaa na vijiji

    

Leo sikuleta hotuba kubwa. Nimekuja kuongea nanyi juu ya lengalenga. Najua mtu mmoja atacheka na kusema, "Watu wanatafuta amani, mama huyu anatuletea mboga." Cheka, ndugu yangu, lakini usizime redio. Nimeishi miaka mingi hapa Kivu, na nimeona kwamba magomvi mengi yanayofika mbele ya chefu hayakuanza na bunduki. Yalianza na mbuzi aliyeingia bustanini. Yalianza na mgomba uliopandwa kwenye mpaka. Kwa hiyo mtu anayejua kutunza bustani yake, na kumtunza jirani pamoja na bustani hiyo, ameshaanza kazi ya amani.

Mimi ninayewaambia haya nimepoteza bustani mara tatu. Nitawaeleza, si kwa kutafuta huruma, bali mjue kwamba simwambii mtu jambo ambalo mikono yangu haijalifanya.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 17 mwezi wa kwanza, mwaka 2002. Wenye umri wanakumbuka. Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka mpaka katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Nilikuwa na lupango ndogo: sombe, mahindi, mistari minne ya maharagi, na mgomba mmoja uliokuwa umetoa mkungu. Tulikimbia na watoto na sufuria moja, tukavuka mpaka Gisenyi. Tuliporudi baada ya siku chache, lupango haikuwako tena. Kulikuwa na mawe meusi, bado ya moto. Mvua ikinyesha, mvuke unapanda kama wa chungu.

Mara ya pili hapakuwa na vita wala volkano. Mume wangu aliugua miezi minane, akafariki. Katika nyumba yenye mgonjwa, nani atamwagilia mboga? Nilipotoka katika msiba nilikuta vijiti vikavu. Sikutaka hata kuvitazama. Mwaka mzima nilinunua mboga sokoni, na jembe langu liko nyuma ya mlango.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 2022. Niliteleza juu ya mawe hayohayo ya volkano nikiwa nimebeba bidoni ya maji ya lita 20, nikavunja mkono wa kuume. Kwa majuma sita mkono ulifungwa. Bustani ikafa kwa kiu, maji yakiwa ndani ya nyumba na hakuna mkono wa kuyabeba.

Mnaona, wapendwa? Hasara ina milango mingi. Mmoja amefukuzwa na vita, mwingine na mafuriko, mwingine ni mgonjwa, mwingine amefiwa. Lakini wote tunapatwa na jambo moja: tunaona haya mbele ya bustani iliyokufa. Tunapita pembeni, tunageuza uso. Tunasema, "Nitaanza nikipata nguvu. Nitaanza tukirudi kwetu. Nitaanza amani ikifika." Na mtoto anakula bugali bila mboga, leo, kesho na kesho kutwa.

Nilianzaje tena baada ya mwaka 2002? Kulikuwa na jirani ambaye moto haukufika kwake. Hatukuwa marafiki. Baada ya vita ya mwaka 1996, watu wa kwao na watu wa kwetu tulikuwa tukipishana njiani bila salamu. Siku moja alinikuta nimeketi juu ya jiwe langu jeusi. Akasimama, akaniambia, "Dada, kwangu kuna udongo. Lete gunia." Sikuwa na gunia. Akanipa na gunia.

Gunia lile moja ndilo lililorudisha mboga nyumbani kwangu. Kwa hiyo ngoja nieleze namna ya kulima katika gunia, maana wengi wenu mnakaa juu ya mawe, au mahali ambapo mnaweza kuambiwa kesho mtoke.

Tafuta gunia la kilo 50, hata kama limechakaa, mradi chini halijaoza. Changanya mabeseni matatu ya udongo na beseni moja la samadi iliyooza. Nasema iliyooza. Samadi mbichi inachoma mizizi. Ifunike kwa majani ya mgomba, uiache mpaka ipoe, iwe nyeusi na isitoe harufu mbaya. Kisha chukua kopo kubwa, ulitoe kifuniko na kitako, libaki wazi juu na chini. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Jaza udongo pembeni yake mpaka ufike kimo cha kopo. Hapo livute kopo juu kidogo, mawe yabaki, uongeze mawe mengine, uongeze udongo. Endelea hivyo mpaka gunia lijae. Mwishoni kopo linatoka, na katikati ya gunia inabaki nguzo ya mawe. Hiyo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo hiyo, maji yanabaki juu na mboga za chini zinakufa kwa kiu.

Toboa mashimo pembeni kwa kisu, shimo na shimo liachane kwa shibiri moja, na yasifuatane katika mstari mmoja. Katika mashimo panda miche ya lengalenga, ya kabichi au ya vitunguu. Juu ya gunia panda nyanya au biringanya mbili. Mwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, juu ya mawe ya katikati. Maji uliyosuuzia maharagi au viazi usiyamwage njiani, gunia linayapenda. Usiweke gunia karibu na choo, na mboga uioshe kwa maji safi kabla ya kupika, maana kipindupindu tunakijua sote.

Baada ya majuma matatu au manne lengalenga inafaa kuliwa. Usiing'oe. Kata juu, uache kijiti chenye macho mawili au matatu, itachipuka tena. Vidudu vyeusi vikikaa nyuma ya majani ya maharagi, nyunyiza majivu asubuhi, umande ungaliko. Na katika kila gunia acha shina moja lizeeke, litoe maua na kukauka. Lifikiche juu ya kitambaa. Shina moja la lengalenga linatoa mbegu za kukutosha wewe na mtaa mzima.

Sasa, kwako wewe ambaye bustani yako imekufa na unaona haya kurudi, nina maneno matatu.

La kwanza, usitake kufufua yote siku moja. Anza na gunia moja, au na mstari mmoja wenye urefu wa mlango. Mtu aliyetoka kitandani hapewi gunia la mkaa abebe, anapewa uji. Na bustani ni vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, kabla ya kung'oa, chunguza kilicho hai. Kijiti cha sombe kinaonekana kimekauka, lakini ukikikwaruza kwa ukucha unaona kijani chini ya ganda. Kikate vipande, uvipande tena. Kamba ya viazi vitamu iliyolala chini ya majani makavu, mara nyingi bado ina mizizi. Watu wengi wametupa uzima wakidhani wanatupa takataka.

La tatu, omba msaada bila kujificha. Sisi Wakongomani tunajua likelemba ya fedha: leo tunampa huyu, mwezi ujao yule. Basi fanyeni likelemba ya mikono. Mama watano, juma hili wote kwa mama wa kwanza, juma lijalo kwa wa pili. Najua wazee mkisikia kazi ya pamoja mnakumbuka salongo ya zamani, ya kusukumwa. Hii si hiyo. Hii hakuna anayekusukuma, na mboga ni zako. Na mmoja akiugua, wanne wanamwagilia bustani yake mpaka apone. Mwaka 2022, kama ningekuwa na likelemba ya namna hiyo, mkono wangu ungevunjika peke yake bila kuua bustani.

Wapendwa, sasa nafikia jambo lililonileta hapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mapigano yalizidi kule Masisi, na watu wengi wakashuka upande wa Goma. Nyumbani kwangu nilipokea jamaa moja: baba, mama na watoto wanne. Siku ya tatu yule mama alitoka nje, akatazama magunia yangu yaliyokauka. Akaingiza kidole ndani, akanusa. Akaniambia, "Mama, udongo huu haujafa. Una njaa tu." Nikamwambia, "Mwanangu, ni wako. Lima unavyotaka." Nilidhani nimefanya wema kamili.

Akalima kweli. Akafufua magunia, akatengeneza kitalu pembeni ya ukuta. Kisha siku moja akapanda mgomba karibu na mpaka wa lupango.

Shemeji yangu alipofika na kuuona, uso ukabadilika. "Mgomba! Hawa wanakaa. Leo mgomba, kesho nyumba, kesho kutwa karatasi." Akaung'oa, akautupa njiani. Yule baba mgeni akatoka ndani na panga mkononi. Sisemi kwamba alitaka kumkata mtu. Labda alikuwa akikata kuni. Lakini panga ni panga. Vijana wa mtaa wakakusanyika. Na nikasikia lile neno baya, neno ambalo sote tunalijua lilitufikisha wapi: "watu wale". Halikuwa tena jambo la mgomba. Lilikuwa jambo la watu wale na sisi.

Mzee wetu wa mtaa alikuja mbio, viatu mkononi. Hakuuliza nani wa kabila gani. Alichukua ule mgomba njiani, akauweka mbele ya wote, akamwuliza yule mama: "Binti, huu uliupanda kwa kula au kwa kukaa?"

Yule mama akalia. Akasema, "Kwa kula, baba. Kwetu nina migomba arobaini. Hapa sitafuti kukaa. Natafuta kurudi."

Mzee akamgeukia shemeji: "Na wewe, unang'oa chakula mbele ya watoto wenye njaa?" Shemeji akanyamaza. Nami nikafikiri mimi ni mtu wa haki peke yangu pale. Lakini mzee akanigeukia. "Na wewe, mama, kosa la kwanza ni lako. Ulimpa udongo bila kumpa maneno."

Wapendwa, sikulala usiku ule. Ulimpa udongo bila kumpa maneno. Ni kweli. Sikumwambia mpaka uko wapi, apande nini, wala mazao yatakuwa ya nani siku atakapotoka. Sikumwambia shemeji wala watoto wangu. Nilinyamaza kwa heshima, na ukimya wangu ulitaka kumwaga damu.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Kule Bushi walitofautisha kalinzi na bwasa. Kalinzi ilimpa mtu udongo wa kukaa na kurithisha. Bwasa ilimpa udongo wa kulima kwa muda mfupi, maharagi na mboga, lakini si migomba wala miti. Kwa nini? Kwa sababu maharagi yanavunwa na kuondoka, lakini mgomba unazaa watoto wake na kukaa. Kwa macho ya wengi, anayepanda mti anasema, "Hapa ni kwangu," hata kama hakukusudia kusema hivyo.

Kesho yake tuliketi chini, na mashahidi wawili. Tukasema hivi: mboga na maharagi ni ya aliyelima. Mgomba utapandwa tena, nao ni wa lupango. Lakini ukizaa wageni wakiwa bado hapa, tutagawana mkungu wa kwanza nusu kwa nusu. Maji kila mmoja atachota yake. Mbuzi wa shemeji atafungwa kamba. Mzee akaandika katika daftari la shule, tukatia vidole. Mwaka 2024 mkungu ule ulikomaa, tukaugawana. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeukata, na yule baba mgeni alishika upande wa pili usianguke.

Hadithi haijaisha. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika Goma kwenyewe, na mwezi wa pili kambi nyingi zilizouzunguka mji zikaachwa tupu. Wageni wangu nao wakarudi Masisi. Yule mama alifunga mbegu za lengalenga katika pindo la kitenge, akaenda.

Alipofika kwao, alikuta nini? Migomba arobaini ilikuwa imekatwa, imebaki michache. Na katika lupango lake alikuta maharagi machanga ya mtu mwingine, naye ni mtu aliyekimbia kutoka kijiji kingine, ana mke na watoto, amekaa katika jiko lililobaki la nyumba yake.

Sasa nakuuliza wewe msikilizaji: ungefanya nini? Udongo ni wako. Umerudi umechoka, una hasira, na mumeo yuko karibu nawe. Maharagi yale yangeng'olewa kwa saa moja.

Alinipigia simu, akaniambia, "Mama, nilikumbuka mgomba njiani." Alikwenda kwa kapita. Waliketi. Wakapatana hivi: maharagi yalipandwa mwezi wa pili, yatavunwa mwezi wa sita, yule baba atavuna alichopanda, kisha atatoka. Mpaka siku hiyo atamwachia mwenye udongo upande wa nyuma alime mboga, na akivuna atatoa debe moja la maharagi. Kapita atamtafutia mahali pengine pa kulima majira yanayoanza mwezi wa tisa. Na ikawa hivyo. Mwezi wa sita maharagi yalivunwa, debe likatolewa, jamaa ile ikahamia ng'ambo ya mto. Alipokuwa akitoka, yule mama alimpa mkewe mbegu za lengalenga.

Sisemi kwamba kila mahali inamalizika hivyo. Wengine wamekuta karatasi za uongo, wengine wamekuta silaha, na hao wanahitaji hakimu, hawahitaji maneno ya redioni. Lakini magomvi madogo ni mengi kuliko makubwa, na hayo madogo yakiachwa, wakubwa huja kuyatumia.

Viongozi wetu, machefu na makapita, nawaomba mambo manne.

Moja: mtu akipewa udongo wa kulima, mpe na maneno. Mpaka ni upi, majira mangapi, mazao gani, malipo gani, na siku ya kutoka itakuwaje. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Daftari likiwepo, andikeni. Lisipokuwepo, semeni mbele ya watu. Na mama waitwe, maana ndio wanaolima.

Mbili: kataeni kabisa kung'oa mazao yaliyo shambani. Mwenye haki na asiye na haki, wote wangoje mavuno. Aliyepanda kwa jasho akiona jasho lake limetupwa njiani, hatasikia tena neno la mzee.

Tatu: mbuzi akila bustani, hasara itazamwe siku hiyohiyo, mwenye mbuzi na mwenye bustani wakiwepo. Ukingoja juma moja, majani matano yamekuwa bustani nzima, na mbuzi mmoja amekuwa kabila zima.

Nne: mkigawa mbegu au majembe, msiwape wageni peke yao huku wenyeji wanatazama, wala wenyeji peke yao huku wageni wanatazama. Anayetazama tumbo likiwa tupu anahesabu, na hesabu hiyo hulipwa siku mbaya.

Na ninyi jamaa mliohama: ombeni kabla ya kupanda kitu kinachokaa. Pandeni kinacholiwa upesi. Mkitoka, acheni mahali pa watu pakiwa pazuri kuliko mlivyopakuta, na mbebe mbegu. Na ninyi wenyeji: mgeni akiingiza kidole katika udongo wenu uliokufa, msikimbilie kuogopa. Huenda ndiye atakayewaambia udongo una njaa tu.

Juma hili nawapa kazi moja. Mwenye bustani iliyokufa, aende aitazame. Akwaruze kijiti kimoja kwa ukucha. Kikiwa na kijani, akipande. Kisiwe na kijani, atafute gunia moja. Asiye na udongo, amwombe jirani, hata yule wasiyesalimiana. Na mwenye udongo, atoe beseni tatu, pamoja na maneno yake.

Mimi nyumbani nina magunia sita leo. Mkono ukiletwa na baridi unauma, lakini unabeba bidoni ndogo ya lita 5. Mgomba ule karibu na mpaka umezaa watoto wanne. Mmoja nimeutenga. Njia ikiwa nzuri, utapanda gari kwenda Masisi.

 Kaeni na amani, ninyi na majirani zenu.